Je, wajua kwa nini programu huria, ile iliyo wazi kwa yeyote kuitumia na kuirekebisha, huachwa bila mtunzaji hata inapotegemewa na wengi?

Ilikuwa saa nne usiku, Ngara, Nairobi. Mzee mwenye duka la vipuri vya magari kule Kirinyaga Road alikuwa amenipigia simu mara ya tatu: "Kijana wangu, kesho asubuhi risiti zitatoka?" Nikamwambia zitatoka, mzee. Mbele yangu kwenye skrini maandishi mekundu yalikuwa yaleyale: moduli ya distutils haipatikani. Nilikuwa nimehamishia mfumo wake kwenye kompyuta mpya, na kile kifaa kidogo cha programu huria kinachotengeneza risiti kilikataa kata kata kusakinishwa.

Nikaingia kwenye ghala la msimbo la kifaa hicho, yaani ukurasa wa mtandaoni yanakowekwa maandishi ya programu yenyewe. Toleo la mwisho lilikuwa la 2019. Hitilafu yangu ilikuwa imeripotiwa na watu wengi kabla yangu, wengine kwa upole, wengine kwa matusi, na mwenye kifaa hakuwa amemjibu hata mmoja. Nilikasirika. Nilianza kuandika malalamiko yangu nami, kisha nikajiuliza swali ambalo ndilo limenileta hapa: kitu ambacho hakuna aliyekigusa kimeharibikaje?

Bati la paa halingoji kuguswa na mtu ndipo lishike kutu. Msimbo wa kile kifaa ulikuwa vilevile kama siku ulipoandikwa. Kilichobadilika ni vitu uliovitegemea. Distutils ilikuwa sehemu ya Python, lugha ya programu iliyotumika kukiandika, kwa miaka mingi, na kazi yake ilikuwa kufungasha na kusakinisha programu. Mwaka 2021, toleo la 3.10 lilipotoka, watunzaji wa Python walitangaza kwamba itaondolewa. Oktoba 2023, katika toleo la 3.12, wakaiondoa kweli. Notisi ya miaka miwili si haba. Kama kifaa kina mtu wa kukiangalia, marekebisho kama hayo huweza kuisha alasiri moja. Kama hakina, ndiyo mwisho wake.

Basi huyo mtu huwa ameenda wapi? Vifaa vingi vya aina hii huzaliwa na shida ya mtu mmoja. Anaandika msimbo wa kujitatulia tatizo lake kazini, anauona unaweza kumfaa mwingine, anauweka wazi. Miaka inapita, anabadilisha kazi, anahamia lugha nyingine ya programu, na kile kifaa hakitumii tena. Lakini sisi bado tunakitumia. Hakuna mkataba kati yake na sisi zaidi ya leseni, na leseni kama ya MIT, mojawapo ya zinazotumika sana kwa programu huria, inasema waziwazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote. Maneno hayo tunayapita mbio kila siku.

Na usidhani hili ni tatizo la vifaa vidogo tu. OpenSSL ndiyo iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani wakati udhaifu wa Heartbleed ulipogunduliwa Aprili 2014. Ndipo watu wakajua kwamba mradi huo ulikuwa ukipokea michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu ndiye aliyeufanyia kazi muda wote. Baada ya aibu hiyo, kampuni kama Google, Microsoft, Facebook na Amazon zilichanga pesa kupitia Linux Foundation, shirika linalosaidia miradi ya programu huria. Mimi naona hilo lilipaswa kufanyika mapema sana, kwa sababu walikuwa wakichota humo miaka yote.

Kisa kinachonitia baridi ni cha xz. Hii ni programu ya kubana mafaili, na imo ndani ya karibu kila mfumo wa Linux. Mtunzaji wake alikuwa Mfini mmoja aliyeibeba kwa zaidi ya miaka kumi bila malipo. Mwaka 2022 akaunti kadhaa zisizojulikana zilianza kumsukuma: mbona unachelewa, mbona hutoi toleo jipya, kama huwezi mpe mwingine. Alijibu kwa unyenyekevu kwamba hiyo ni kazi ya kujitolea, na kwamba afya yake ya akili imekuwa ikimsumbua kwa muda mrefu. Pembeni alikuwapo msaidizi mpole, mchapakazi, aliyejiita Jia Tan. Hatimaye akakabidhiwa mamlaka. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ya mapema 2024, yalitoka yakiwa na mlango wa siri wa kumwezesha mwenye ufunguo kuingia kwenye seva za watu. Aliyeukamata ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu tu aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Akatangaza tarehe 29 Machi 2024.

Soma tena yale malalamiko aliyotumiwa yule Mfini. Yanafanana mno na yale niliyokuwa nimeanza kuandika usiku ule.

Sisemi mtumiaji hana haki ya kukasirika. Ana haki, hasa pale mwenye mradi anapoondoka kimya na kuacha ukurasa unaoonekana kama duka lililo wazi. Sentensi moja ingetosha. Watunzaji wa Moment.js, maktaba ya kushughulikia tarehe, walifanya hivyo Septemba 2020: walisema mradi umefikia mwisho wa kukua, wakataja maktaba nyingine za kutumia. Hiyo ni heshima.

Kwangu mimi, wokovu ulikuwa chini kabisa ya ukurasa. Mtu fulani alikuwa ameshatuma marekebisho ya distutils miezi mingi nyuma, yakabaki hapo yakingoja kukubaliwa. Nilitengeneza nakala yangu ya kifaa kizima, jambo ambalo leseni inaruhusu, nikayasoma yale marekebisho mstari kwa mstari, nikayaingiza. Saa tisa usiku risiti ya kwanza ikatoka. Asubuhi mzee aliuza plagi na mikanda ya feni kama kawaida.

Badala ya malalamiko, nilimwandikia mwenye kifaa barua pepe fupi: asante, nimekitumia miaka minne, marekebisho yapo na nimeyajaribu, yanafanya kazi. Wiki tatu baadaye alijibu. Alisema hajagusa Python tangu apate mtoto wa pili, na kwamba kila akifungua ule ukurasa anafunga tena kwa sababu ya maneno yaliyojaa mle. Kisha akaniuliza kama ningependa kupewa funguo, yaani mamlaka ya kukitunza kifaa.

Hanijui. Hajawahi kuniona wala kusikia sauti yangu. Nimemwomba tuongee kwanza kwa simu ya video, na tutafute mtu wa tatu, yule aliyetuma marekebisho, tushike funguo pamoja.