Gobole la babu na mjumbe aliyesahau miwani: yanayosemwa Iringa kuhusu silaha na upekuzi, na sheria inavyosema

Baba mdogo alipigiwa hodi saa tano usiku, mwezi wa saba, baridi ile ya Iringa ya kulala na soksi. Askari watano, mmoja hana sare. Walisema wamepata taarifa kuwa mle ndani kuna gobole. Gobole halikuwepo. Kilichokuwepo ni shotigani yake ya kufukuzia nguruwe pori shambani, ina leseni, imefungiwa kwenye kabati la chuma. Mjumbe wa nyumba kumi alifuatwa kwake aje kushuhudia wakati chumba cha kulala kimeshapinduliwa chote. Akafika amejitanda blanketi, akasimama sebuleni, akaonyeshwa pa kusaini. Miwani ameiacha nyumbani. Akasaini hivyo hivyo. Shotigani ikaondoka, na kwenye karatasi iliandikwa "bunduki moja", bila namba.

Wiki tatu baba mdogo alikwenda kituoni na kurudi, akithibitisha kwamba bunduki moja ile ni yake.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na tangu siku hiyo kila nikikaa na watu, kuanzia Kihesa hadi vijiji vya Idodi, mabishano ni yale yale: walikuwa na haki ya kuingia au hawakuwa nayo? Watu wanabishania mlango. Mimi mlango naona ni nusu ya kesi, pengine hata nusu haifiki. Lakini tuanze nao, maana ndio wenye uongo mwingi.

"Bila karatasi ya hakimu, polisi haingii ndani"

Hili wanalisema kwa kujiamini sana, hasa vijana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haisemi hivyo. Katika kifungu ambacho mawakili wamekizoea kama cha 38, mkuu wa kituo cha polisi, OCS, akiridhika kwamba kuna sababu za msingi za kushuku kuwa kitu cha kosa kimefichwa mahali, na kwamba kuchelewa kutafanya kitu hicho kihamishwe au kiharibiwe, au kutahatarisha maisha au mali, anaweza kupekua mwenyewe au kumpa askari wake kibali cha maandishi. Karatasi basi ipo, ila si lazima iwe na muhuri wa mahakama. Na akishaitoa, taarifa ya upekuzi huo, sababu zake na kilichopatikana, inatakiwa ifike kwa hakimu mapema iwezekanavyo. Kipande hicho cha mwisho karibu hakuna mwananchi anayekijua, na kwa hiyo karibu hakuna anayekiulizia.

Halafu kuna kifungu cha 42, upekuzi wa dharura. Hapo askari anaweza kuingia bila karatasi yoyote, mradi jambo lenyewe liwe zito na la haraka kiasi kwamba haliwezi kusubiri. Jambazi anakimbia na bunduki, anazama kwenye nyumba: hakuna atakayemtaka askari arudi kituoni kujaza fomu.

"Polisi ni serikali, wanaingia wanapotaka"

Hili ni la wazee, na linatokana na woga wa miaka mingi. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Haki hiyo inaweza kuwekewa mipaka, lakini mipaka yenyewe lazima iandikwe kwenye sheria. Askari haibuni akiwa mlangoni.

Hati ya upekuzi kwa kawaida inatekelezwa kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, isipokuwa mahakama iruhusu vinginevyo. Na neno "dharura" si kofia ya kumvisha kila mtu. Mahakama ya Rufani imeshakataa vielelezo katika kesi ambazo askari walikuwa na taarifa mapema, wakapanga safari, wakapanda gari, wakafika, halafu mahakamani wakadai hawakupata nafasi ya kutafuta hati. Ukipata muda wa kujaza mafuta ya gari, muda wa kuandika nusu ukurasa ulikuwepo. (Maneno hayo ni yangu, si ya majaji.)

Ila usitoke hapo ukifikiri kesi inakufa yenyewe hati ikikosekana. Kifungu cha 169 cha ile Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinampa hakimu nafasi ya kupima: ushahidi uliopatikana kwa kukiuka utaratibu anaweza kuukataa, anaweza pia kuupokea, akitazama uzito wa kosa na uzito wa ukiukaji. Kuna walioachiwa. Kuna wanaotumikia vifungo vyao hadi leo.

"Nina leseni, kwa hiyo hawanigusi"

Baba mdogo aliamini hivyo mpaka usiku ule. Leseni ni jibu la swali "hii silaha ni ya nani na unaimiliki kihalali?" Haijibu swali la kama nyumba inaweza kupekuliwa. Anayeshukiwa kuwa na silaha ya pili anapekuliwa hata kama ya kwanza ina karatasi zote.

Watu wengi wanachanganywa na Marekani, kwa sababu ya filamu na video za kwenye simu. Kule marekebisho ya pili ya katiba yao, ya mwaka 1791, yanataja haki ya raia kumiliki silaha. Kwetu hakuna ibara kama hiyo. Hapa silaha unaruhusiwa na mamlaka, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kilichotolewa kwa ruhusa kinaweza kufutwa.

Hata huko kwenyewe mambo hayako kama vijana wa bodaboda wanavyosimulia. Mwaka 2015, mjini Cranston, jimbo la Rhode Island, mwanamume mmoja aligombana na mkewe, akaweka bastola mezani na kumwambia ammalize. Mke akaenda kulala hotelini, kesho yake akaomba polisi wakamwangalie mumewe. Mume akakubali kupelekwa hospitali kupimwa akili, kwa sharti kwamba silaha zake zisiguswe. Alipoondoka tu, polisi wakaingia wakachukua bastola mbili. Mei 2021 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, majaji wote tisa kwa sauti moja, ilisema kazi ya polisi ya kusaidia raia haiwapi ruhusa ya jumla ya kuingia nyumbani kwa mtu bila hati. Kipengele walichokisimamia ni cha nne, kinacholinda nyumba dhidi ya upekuzi. Cha pili, kile cha silaha, hakikuamua kesi. Mtu yule alishinda kwa sababu ya mlango wake, si kwa sababu ya bastola zake, na hilo ndilo linalopotea kila kisa hiki kikisimuliwa kijiweni.

"Gobole ni mali ya urithi, halina leseni tangu enzi za babu"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoangamia.

Iringa bunduki ina historia. Agosti 1891 pale Lugalo, Wahehe walikivunja kikosi cha Zelewski, kamanda wa Kijerumani, wakabaki na bunduki zipatazo 300 za Wajerumani. Mzee mmoja aliniambia, ulanzi mkononi, kwamba baba wa babu yake alikuwepo na gobole lao linatoka huko. Nililiona. Mtutu wake ni bomba la maji, tena lina alama za msumeno, na kitako kimechongwa juzijuzi na fundi wa vitanda. Sikumbishia. Mzee ni mzee.

Sheria haijali limetoka Lugalo au kwa fundi wa vitanda. Kinachofyatua risasi au goroli kwa baruti ni silaha, cha kiwandani au cha kienyeji. Kukutwa nacho bila leseni ni kosa la jinai, na linaweza kushtakiwa kama uhujumu uchumi, ambako kifungo kinafika miaka 20 na zaidi. Mtu anaingia jela kijana anatoka mzee kwa sababu ya bomba alilokuwa anafukuzia nyani kwenye mahindi. Kama adhabu hiyo inalingana na kosa, mimi nina mashaka yangu, lakini mashaka yangu hayamtoi mtu gerezani.

Urithi nao hausaidii. Leseni ni ya mtu kwa jina lake. Akifariki, inakwisha naye. Hata ile bunduki halali ya marehemu, familia inatakiwa iipeleke polisi na anayeitaka aanze maombi upya. Kuifunga kwenye khanga na kuisukuma uvunguni "mpaka arobaini iishe" ni kuwatengenezea watoto kesi. Na serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha ambapo mwenye silaha haramu anaisalimisha bila kushtakiwa. Tangazo likitoka huwa linasomwa hadi ofisi za vijiji, lakini wanaolisikia ni wale wasio na kitu.

"Askari wanyamapori si polisi, nyumbani kwangu hawana lao"

Wakazi wa Tungamalenga na majirani wengine wa Hifadhi ya Ruaha, hili lenu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kifungu cha 106, inawapa maofisa wake uwezo wa kupekua bila hati wakiwa na sababu za msingi. Lakini ina sharti linalofaa kubandikwa ukutani: nyumba ya kuishi haiingiwi bila hati isipokuwa mbele ya angalau shahidi mmoja huru. Mbele ya, si baada ya. Shahidi huru si mgambo aliyekuja nao kwenye gari, wala si yule aliyepeleka taarifa.

"Ukisaini umekiri"

Hapa ndipo ilipo ile nusu ya pili ya kesi. Polisi wakichukua kitu kwako, sheria inawataka watoe stakabadhi, iwe na saini ya mwenye nyumba au mkaaji au ndugu wa karibu, na mashahidi waliokuwepo. Lengo lake, kama Mahakama ya Rufani ilivyowahi kulieleza, ni kuondoa lile lalamiko la kila siku la "wameniwekea". Saini yako haisemi una hatia. Inasema vitu hivi, kwa idadi hii, vimetoka hapa. Ndiyo maana si saini ya mahudhurio ya kikao: mahakama huitumia dhidi yako ukija kukana kwamba ulikutwa na kitu hicho.

Kwa hiyo kusaini bila kusoma ni kosa, na kukataa kwa hasira huku unamsukuma askari ni kosa kubwa zaidi, maana unajipa shtaka la pili. Omba isomwe kwa sauti. Bunduki iandikwe aina na namba yake, risasi zihesabiwe mbele yako, saa iandikwe. Kama kuna kitu hukubaliani nacho, sema hivyo mbele ya shahidi na uombe kiandikwe. Na kabla hawajaanza kugusa chochote, omba kwa upole mjumbe au jirani aje kwanza, na azunguke nao chumba kwa chumba. Anayesimama sebuleni ameshuhudia sebule.

Mengine kwa ufupi. Mwanamke anapekuliwa mwilini na mwanamke mwenzake, kwa staha. Hilo halina mjadala. Shahidi si lazima awe mwenyekiti wa kijiji, jirani mwenye akili timamu anatosha. Na ile habari kwamba askari asiye na sare hana mamlaka ni ya kutunga. Muulize kitambulisho, basi.

Shotigani ya baba mdogo ilirudi. Namba yake sasa imeandikwa kwenye daftari la mauzo ya mahindi, ukurasa wa kwanza, na nakala ya leseni iko kwa shangazi. Mjumbe nilikutana naye Jumapili moja akitoka kanisani, miwani usoni. Tukaamkiana, tukaongea mvua, tukaongea bei ya mbolea. Nilipoaga akanishika mkono.

"Hivi mwanangu," akasema, "ile karatasi niliyosaini usiku ule, ilikuwa imeandikwa nini?"