Safari ya kutazama majani: ni nini hasa?

Kila Oktoba simu zetu hujaa picha za barabara nyembamba iliyozungukwa na miti myekundu na ya manjano, huko Vermont au New Hampshire, majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, na mtu wa Nairobi hujiuliza hao walio garini wanaenda wapi. Mara nyingi hawana wanakokwenda. Kilichowatoa nyumbani ni barabara yenyewe. Huchagua njia isiyo na msongamano, huendesha polepole, husimama wanapopendezwa, na hupanga tarehe kwa kufuata rangi ya majani.

Rangi hizo zinatoka wapi? Majira ya joto, jani hutengeneza klorofili bila kukoma, ile kijani inayonasa mwanga wa jua. Siku zikianza kufupika na baridi kuingia, mti huacha kuitengeneza. Kijani kikififia, manjano na rangi ya chungwa zilizokuwamo muda wote hujitokeza. Wekundu una habari yake. Miti kama mepo, ambao utomvu wake hupikwa kuwa sharubati nzito, huutengeneza wakati huohuo kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Kwa hiyo mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyogandisha, wekundu hukolea. Mawingu yakitanda wiki nzima, wekundu hufifia.

Rangi huanza kaskazini na milimani, kisha hushuka. Barabara ya Blue Ridge Parkway, yenye urefu wa kilomita 755 kati ya Virginia na North Carolina, hupanda kutoka takriban mita 200 hadi zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana vilele vyake huweza kuwa vimeshapukutika huku mabondeni miti ikiwa ndiyo kwanza inageuka. Malori ya biashara hayaruhusiwi humo, na mwendo wa juu kabisa ni kama kilomita 72 kwa saa.

Hapa kwetu jambo hilo halitokei. Vermont huona mwanga zaidi ya saa 15 mwezi Juni na takriban saa 9 Desemba. Nairobi, tofauti ni ya dakika chache tu mwaka mzima, kwa hiyo mti haupati ishara hiyo. Mibuyu ya Kibwezi hubaki matawi matupu wakati wa kiangazi, ni kweli, lakini hiyo inaokoa maji.

Hata hivyo, majani ni nusu tu ya dhana hii, na naona nusu ya pili ndiyo tunayoikosa zaidi. Sisi husifu safari kwa jinsi tulivyowahi kufika. Tukishaingia barabara ya Nakuru, macho yote yapo kwenye lori lililo mbele na nafasi ya kulipita. Barabara hiyo haiwezi kukupa unachokitafuta, hata ukipita mahali pazuri namna gani.

Ukitoka Nairobi kwa barabara hiyo, jaribu kukata kulia pale Flyover uelekee Njabini, kisha Engineer hadi Ol Kalou. Uko Kinangop, zaidi ya mita 2,400 juu. Upande wa kulia milima ya Nyandarua, mara inaonekana, mara imefunikwa na ukungu. Mashamba ya viazi na kabichi yanafika hadi ukingo wa lami, kondoo wenye manyoya mazito wanavuka bila haraka, na magunia ya viazi yamesimamishwa kando yakisubiri mnunuzi. Beba sweta hata kama Nairobi kunawaka jua. Epuka siku za mvua kubwa, maana utaona wingu tu. Ukitaka kusimama, toa gari nje kabisa ya lami, kwa kuwa matatu za huko zinaijua kila kona na hazitarajii kukukuta hapo.