Ramani inasema mtandao upo, shangazi anapigia simu chini ya mparachichi

Shangazi yangu anaishi katika bonde moja la milima ya Usambara, wilayani Lushoto, na akitaka kunipigia hutoka nje, hupanda njia ya shambani na kusimama chini ya mparachichi ulio juu ya kilima. Kwenye ramani ya kampuni ya simu anayoitumia, nyumba yake imepakwa rangi ya 4G. Mimi ni mhandisi wa mawimbi ya redio, na ramani za namna hiyo nimewahi kuzichora mwenyewe, ndiyo maana inaniuma kuona zikigeuzwa ahadi kwenye matangazo.

Ramani hiyo haitokani na mtu aliyepita nyumba kwa nyumba akiwa na simu mkononi. Ni makadirio ya kompyuta: tunaingiza mahali ulipo mnara, urefu wake, antena zinaelekea wapi, masafa yanayotumika na umbo la ardhi, kisha programu inakadiria nguvu ya mawimbi katika kila kipande cha eneo. Kiwango cha chini cha kupaka rangi tunakichagua sisi, na kwa kawaida tunachukulia kwamba simu iko nje, mahali pa wazi. Ukishusha kiwango hicho kwa desibeli chache (desibeli ndiyo tunayopimia tofauti ya nguvu ya mawimbi), eneo lenye rangi linapanuka papo hapo bila mnara hata mmoja kuongezwa.

Nilipokwenda kumsalimia likizo iliyopita nilipima. Mlangoni simu yangu ilisoma −97 dBm, kiwango kinachotosha; dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, na namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mawimbi ni dhaifu zaidi. Chumbani, chini ya mabati na nyuma ya ukuta wa matofali ya kuchoma, ilisoma −117 dBm. Tofauti hiyo ya desibeli 20 maana yake ni kwamba ndani ilibaki sehemu moja tu kati ya mia ya nguvu iliyokuwa mlangoni. Mnara ulio karibu ulikuwa ukirusha 4G kwa masafa ya 1800 MHz, ambayo hudhoofika haraka yakikutana na ukuta au kilima. Masafa ya 700 au 800 MHz yangemfikia vizuri zaidi, ingawa nayo, bonde likiwa refu na lenye kingo kali, huacha kivuli.

Kuna jambo jingine ambalo vile vijiti vya mtandao kwenye kioo cha simu havilionyeshi. Vijiti hupima jinsi simu inavyousikia mnara, wala si jinsi mnara unavyoisikia simu. Mtambo wa mnara huweza kurusha kwa wati 40 na zaidi kwa upande mmoja, ilhali simu ya 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2. Antena kubwa na mitambo makini ya mnara hufidia sehemu ya pengo hilo, lakini pembezoni mwa eneo ndipo mtu anapoona kijiti kimoja au viwili, anapiga, na simu haitoki. Shangazi alikuwa akidhani simu yake ni mbovu, na alishanunua nyingine.

Tangazo la kasi nalo lina neno lake, «hadi». Mnara wa 4G wenye upana wa masafa wa 20 MHz na antena mbili za kurushia unaweza kutoa takriban megabiti 150 kwa sekunde katika hali bora kabisa, na hizo ni za watu wote walio upande huo wa mnara kwa wakati mmoja. Saa mbili usiku, kijiji kizima kikiwa mtandaoni, anayekaa mbali na mnara hupata masazo, na bando lake la siku linaisha muda kabla hajalitumia.

Hata asilimia za kufikiwa na mtandao zinazotangazwa huwa za watu, si za ardhi. Miji ikifikiwa, asilimia inapanda haraka; barabara ya kona kutoka Mombo kwenda Lushoto haihesabiwi kwa sababu hakuna anayelala barabarani. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo kampuni haioni faida, na kazi hiyo ni ya lazima, lakini mnara kujengwa kijijini na mtandao kuingia chumbani ni mambo mawili.

Ninachotaka ni kwamba kila ramani ya matangazo itaje kiwango kilichotumika, na itenganishe rangi ya nje na ya ndani ya nyumba. Programu tunazotumia zinaweza kufanya hivyo leo; ni kuongeza tu makadirio ya upotevu wa ukuta na kuchora upya. Kwa mteja, simu nyingi za Android huonyesha kipimo cha dBm katika mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kwenye hali ya laini. Andika namba hiyo pamoja na tarehe, saa na mahali, uipeleke kwanza kwa kampuni yako, na usiporidhika uende TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini Tanzania. Malalamiko ya shangazi niliyaandika hivyo, vipimo vya mlangoni na vya chumbani vikiwa mstari mmoja. Jibu la kampuni lilikuja na ramani ileile, nyumba yake ikiwa katikati ya rangi.