Je, wajua kwa nini kiti kimoja cha mfalme wa Ufaransa kilipita kwa mafundi kibao?

Ukicheki picha za fanicha za Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, za enzi za Louis XVI, yaani kuanzia 1774 hadi mapinduzi yalipowaka 1789, unaweza kudhani kuna fundi mmoja mwenye kipaji cha hatari alijifungia karakana akatoka na kabati limekamilika kila kitu, maana hata jina lake si lipo, limegongwa kwa chuma sehemu iliyojificha? Kumbe wapi. Jina ni la mtu mmoja ila jasho ni la wengi, na sababu kubwa wala sio ugumu wa kazi, ni sheria.

Paris ya wakati ule kila ufundi ulikuwa na chama chake na ukivuka mpaka wa mwenzako unashtakiwa. Maseremala walikuwa chama kimoja lakini kazi mbili: menuisier anatengeneza viti, vitanda, vitu vya mbao nzima, halafu ébéniste ndo wa makabati na madawati yaliyovishwa vinia, yaani vipande vyembamba vya mbao vinavyobandikwa juu. Sasa chukua kiti tu. Fremu inatoka kwa menuisier kama Georges Jacob, mara nyingi inaenda kwa mchongaji wa maua na shada, kisha kwa mtu wa kubandika karatasi za dhahabu, ndo inamalizikia kwa fundi wa kushindilia manyoya na kuvisha hariri. Na ile amri ya kugonga jina, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1751, ilikuwa ya kudhibiti ubora: wakaguzi wa chama wanapita karakana kwa karakana, wakiridhika wanagonga herufi JME, alama ya ukaguzi ya chama, pembeni ya jina lako. Mafundi waliofanya kazi moja kwa moja kwa mfalme walisamehewa, kwa hiyo kuna vitu vya maana kabisa havina jina hata kidogo.

Mtindo wenyewe wa fanicha za Louis XVI ulitokana na kufukuliwa kwa miji ya Kirumi kule Italia, Herculaneum kuanzia 1738 na Pompeii kuanzia 1748. Matajiri wakachoka na miguu ya kujipinda pinda ya enzi za Louis XV, wakataka miguu iliyonyooka, inayochongoka kwenda chini, ina mifereji kama nguzo za hekalu.

Ila kazi iliyokuwa balaa ni ile shaba nyeusi (bronzi) inayovishwa dhahabu, zile nakshi za kona, vitasa, mashada. Ébéniste wa mbao hagusi hapo, hiyo ni kazi ya vyama vingine kabisa, wanaomimina na kuchonga, na wanaopaka. Mpakaji anachanganya dhahabu na zebaki mpaka inakuwa uji mzito, anaupaka kwenye nakshi kwa brashi, anaweka juu ya mkaa, zebaki inapaa kama moshi na dhahabu inabaki imeng'ang'ania. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaotumia zebaki wataielewa hii haraka, ni kanuni ileile ya kuchoma, na sumu ni ileile. Moshi ule unaingia mapafuni, unaharibu mishipa ya fahamu, mikono inaanza kutetemeka, hebu fikiria mtu ambaye maisha yake yanategemea mkono uliotulia. Baada ya moto wanasugua baadhi ya sehemu kwa jiwe ili zing'ae na nyingine wanaziacha zimefifia, na bingwa wa huo mchezo alikuwa Pierre Gouthière, ambaye pamoja na oda zote za wakubwa alifilisika na kufa maskini mwaka 1813.

Nikiulizwa mkali wa makabati namtaja Jean-Henri Riesener, mjerumani wa Gladbeck. Alianza kwa Jean-François Oeben, bosi akafariki 1763 huku oda ya dawati la Louis XV haijakamilika, Riesener akaoa mjane, akarithi karakana na kulimaliza lile dawati 1769. Mfuniko wake unaviringika, na ufunguo ukizungushwa mara moja tu unafungua dawati lote pamoja na droo zake. Hizo rangi za kahawia tunazoziona leo kwenye vinia zake zisikudanganye, zilikuwa na kijani, bluu, nyekundu, mbao zilitiwa rangi kabisa, na kivuli cha petali za maua yaliyotengenezwa kwa vinia kilipatikana kwa kuchovya kipande kwenye mchanga wa moto. Jua la miaka mia mbili na ushee limefuta kila kitu.

Mapinduzi yakaja, vitu vya Versailles vikapigwa mnada kuanzia Agosti 1793 hadi Agosti 1794, mafungu zaidi ya 17,000. Riesener akanunua baadhi ya kazi zake mwenyewe akitegemea kuziuza kwa faida, soko likamtupa mkono. Vyama vilikuwa vimeshafutwa 1791, na hapo ndo mtoto wa Georges Jacob akaja kufanya kile ambacho baba yake alikuwa haruhusiwi: enzi za Napoleon alikuwa na wafanyakazi zaidi ya 300 chini ya kampuni moja, wa mbao na wa shaba humohumo.