Mashapo ya nchi kavu: tope linapoficha habari za bahari

Mvua za masika zikikolea, bahari ya kaskazini mwa Bagamoyo hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Ni udongo wa Mto Ruvu. Udongo, mchanga na mabaki ya mimea yanayoletwa na mito au upepo yakatulia chini ya bahari ndiyo huitwa mashapo ya nchi kavu.

Kwa anayechunguza bahari ya kale, mashapo haya yana fitina. Yeye huchimbua tope la sakafuni na kulisoma tabaka kwa tabaka: kaboni, magamba ya foraminifera (vidudu vidogo mno vya baharini), silika ya diatomu (vijimea vyenye ganda kama kioo). Akivikuta vingi, husema enzi hizo vijimea vya baharini vilistawi. Kasoro ni kwamba mara nyingi hupima kwa asilimia.

Fikiria dagaa walioanikwa mchangani. Ndoo ikizolewa pamoja na mchanga mwingi, dagaa ndani yake ni wachache, lakini mvuvi hakuvua pungufu. Gramu 10 za mabaki ya baharini zikichanganyika na gramu 90 za udongo, ni asilimia 10. Udongo ukifika gramu 180, mabaki yaleyale huwa kama asilimia 5 tu. Bahari haikudhoofika, mto ndio uliofurika.

Kuna na kaboni ya ugenini, ya majani na mikoko, inayolifanya tope lionekane limeshiba. Kuitambua, hutazamwa uwiano wa kaboni na naitrojeni: vijimea vya baharini huwa kati ya 4 na 10, mimea ya nchi kavu mara nyingi hupita 20. Mimi nisingeuamini peke yake, maana kuoza huubadili.

Na mto si mchafuzi tu. Huleta rutuba inayolisha vijimea kweli, huku tope lake likizuia mwanga, na likifukia mabaki upesi kabla hayajaoza.

Ndiyo maana wengi huacha asilimia, wakauliza ni gramu ngapi zilishuka kwa mwaka. Hapo husaidia thoriamu-230, elementi ya mionzi inayozaliwa na urani iliyoyeyuka majini kwa kasi inayojulikana, kisha ikashuka chini. Ikiwa kidogo ndani ya tope, tope lilikuja kwa wingi. Ila huzaliwa nyingi penye kilindi. Kati ya Bagamoyo na Unguja maji ni mafupi, kipimo hicho hakifai sana.