Leseni Imehama, Haijauzwa

Wiki hii nimeulizwa mara tatu. Kwanza na mkusanyaji wa vitabu vya katuni, kisha na mchoraji anayetafuta kazi, na mwisho na mtu ambaye angepaswa kujua, maana anauza vitabu hivi kila siku. Swali lilikuwa lilelile: "Kwa kuwa mfululizo umenunuliwa na mchapishaji mwingine, hadithi za zamani sasa ni za nani?" Mara zote tatu nimelazimika kuanza na neno lililo ndani ya swali lenyewe. Haujanunuliwa.

Kazi yangu ni kupitia mikataba ya uchapishaji wa katuni. Hapa chini najibu dhana potofu ninazozisikia kila leseni ya katuni inapohama. Nikionekana kukosa subira, nivumilieni.

"Mchapishaji mpya amenunua kila kitu"

Dhana hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu nyingi za zile nyingine zimezaliwa humo.

Leseni, yaani ruhusa ya kuchapa katuni za wahusika wa mtu mwingine, ni upangaji. Mwenye nyumba ni mwenye haki: kampuni ya vinyago vya kuchezea, studio ya filamu, au kampuni inayoshika haki za mwandishi aliyefariki zamani. Mchapishaji ni mpangaji. Kwa kawaida huahidi kiasi fulani ambacho atalipa hata vitabu visiponunuliwa, juu yake hulipa mrabaha wa mauzo, hupeleka hadithi na michoro ikakaguliwe kabla haijaenda kiwandani, na mkataba wake una tarehe ya kwisha. Siku hiyo ikifika na mkataba usihuishwe, anatoka. Anayeingia hupewa funguo, hapewi hati ya nyumba.

Mpaka hapo wengi hutikisa kichwa kukubali. Shida huanza tunapofika kwenye samani. Mpangaji aliyekaa miaka kumi huwa ameijaza nyumba: wahusika wapya, sayari, maadui, ndoa, vifo. Akihama, anaondoka na nini na anaacha nini? Hakuna jibu moja, na anayekupa jibu moja hajasoma mkataba hata mmoja.

Chukua Rom. Kilikuwa kinyago cha kampuni ya Parker Brothers, roboti mwenye kifua cha chuma, na Marvel, wachapishaji wa katuni, wakapata leseni ya kumtungia katuni. Toleo la kwanza lilitoka 1979. Kinyago hakikudumu sokoni, lakini katuni iliendelea hadi toleo la 75, mwaka 1986. Kwa miaka hiyo yote Bill Mantlo, mwandishi wake, alimchanganya Rom na ulimwengu wa Marvel. Rom alikutana na X-Men, kundi la mashujaa wa Marvel, akapigana bega kwa bega na mashujaa ambao hawakuwa wa kampuni ya vinyago hata kidogo. Kisha leseni ikaisha.

Sasa tazama walivyokwama. Marvel walikuwa na hadithi zilizojaa mashujaa wao, lakini shujaa mkuu, aliye kwenye kila jalada, hakuwa wao. Hasbro, waliokuja kumiliki mali za Parker Brothers, walikuwa na Rom, lakini hawakuweza kuchapa kurasa zenye X-Men. Mwaka 2016 wachapishaji wengine, IDW, walipata leseni ya Rom na kumtungia hadithi mpya kabisa, na mara nikaanza kuulizwa lini watachapa upya zile za Mantlo. Wangezichapaje? Leseni waliyopewa na Hasbro haikuwapa ruhusa ya Marvel. Marvel nao, kwa upande wao, waliendelea kuwatumia wapiganaji wengine wa jeshi la Rom, hata wakawatolea mfululizo mfupi mwaka 2000, ila Rom mwenyewe ndani ya deraya yake hakuonekana. Mpaka Hasbro na Marvel walipokubaliana, na juzuu nene la kwanza likatoka Januari 2024. Miaka 38 tangu toleo la mwisho. Wapo wasomaji waliozaliwa, wakakua, wakaota mvi za kwanza, hadithi zikiwa kabatini kwa sababu nyumba ni ya huyu na samani ni za yule.

Star Wars, zile filamu za vita vya anga za juu, ni kinyume chake. Marvel walianza kuichapa 1977 wakaacha 1986. Wachapishaji wengine, Dark Horse, wakaichukua kuanzia 1991 hadi mwisho wa 2014, miaka zaidi ya ishirini. Leseni iliporudi Marvel mwaka 2015, hadithi za Dark Horse hazikukwama popote: Marvel walianza kuzichapa upya kwa jina lao. Watu wakasema, "Unaona? Wamenunua." Hapana. Hadithi zile tangu siku ya kwanza zilikuwa za Lucasfilm, studio yenye Star Wars. Dark Horse walilipa waandishi, wakalipa wachoraji, wakazilea, kisha wakaziacha mezani walipotoka, kwa sababu mkataba ulisema samani ni za mwenye nyumba.

Conan, shujaa wa hadithi za upanga, naye amezunguka kwa wachapishaji hadi inachekesha. Marvel 1970, Dark Horse 2003, Marvel tena 2019, Titan 2023. Leo hadithi za Conan zilizotungwa ndani ya ofisi za Marvel miaka ya sabini unazinunua zikiwa na nembo ya Titan.

Mifano mitatu, na kila mmoja una njia yake. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wateja wangu wameuchoka na bado nautoa: soma maandishi madogo. Karibu kila toleo lina aya moja ya herufi za kuumiza macho, mara nyingi chini ya ukurasa wa kwanza au nyuma ya jalada, ambayo watu huiruka kana kwamba ni tangazo. Humo ndimo imeandikwa hakimiliki ni ya nani, alama ya biashara ni ya nani, na nani anachapa kwa idhini tu. Ukikuta majina mawili tofauti ya wamiliki, umeshajua kwamba siku leseni ikihama kutakuwa na mvutano. Ukikuta jina moja, na si la mchapishaji, hadithi hizo zina nafasi kubwa ya kuchapwa tena na mpangaji anayefuata. Kwa dakika moja utajua zaidi ya ubishi wa wiki nzima.

"Hadithi itaendelea pale ilipoishia"

Wakati mwingine. G.I. Joe, katuni ya vinyago vya wanajeshi vya Hasbro, iliyoandikwa na Larry Hama, ilikatwa na Marvel kwenye toleo la 155 mwaka 1994. IDW waliifufua 2010 wakiendeleza hesabu ileile, mwandishi yuleyule, wakafika 300 mwaka 2022. Wachapishaji wa tatu, Skybound, wakapokea na toleo la 301 mwaka 2023. Wapangaji watatu, uzi mmoja. Lakini Transformers, roboti ambao nao ni mali ya Hasbro hao hao, iliyohama kwa mchapishaji huyo huyo mwaka huo huo, ilianza upya kabisa.

Na Sonic, yule wa michezo ya video ya Sega? Wachapishaji Archie walichapa matoleo 290 tangu 1993. Mwaka 2017 Sega wakaachana nao, na Aprili 2018 IDW wakaanza na toleo la kwanza, ulimwengu mpya. Kilichowachanganya wasomaji ni kwamba Ian Flynn, aliyeandika miaka mingi kwa Archie, ndiye aliyeandika pia kwa IDW, wakadhani mwandishi akihama hadithi nayo imehama. Mwandishi ni mtu, anatembea kwa miguu yake na kazi anaomba upya. Wahusika wengi waliobuniwa kwa Archie walibaki nyuma. Baadhi yao walikuwa wameshaondoka kabla hata ya leseni, baada ya mwandishi wa zamani, Ken Penders, kudai hakimiliki ya aliowabuni na kesi ikaisha kwa mapatano mwaka 2013. Archie walilazimika kuubadilisha ulimwengu wote ndani ya hadithi. Somo la mkataba ambao haukuandikwa vizuri mapema, na lilikuwa somo ghali.

"Wa zamani amenyang'anywa kwa sababu aliharibu"

Huenda, lakini mara nyingi sababu iko juu ya vichwa vya wahariri. Disney walinunua Marvel 2009, wakanunua Lucasfilm 2012. Ukishakuwa na nyumba na kampuni ya uchapishaji mfukoni, kwa nini uendelee kumpangisha jirani? Dark Horse wangechapa vitabu bora kuliko vyote duniani na bado wangetoka. Ndivyo ilivyokwenda na Alien pia, yule kiumbe wa filamu za studio ya Fox: Disney walichukua Fox mwaka 2019, na 2021 Alien alikuwa Marvel, baada ya kukaa Dark Horse tangu 1988. Hakuna aliyeharibu kitu.

Kuna dada yake dhana hii: kwamba Marvel "walifuta" hadithi za zamani za Star Wars. Lucasfilm ndio waliotangaza, Aprili 2014, kwamba riwaya na katuni za awali zitaitwa Legends na hazitahesabika tena kwenye historia rasmi. Uamuzi ule ulizigusa riwaya ambazo hazikuhamia kwa mchapishaji mwingine. Mpangaji hana mamlaka ya kufuta historia ya nyumba.

"Leseni ni moja, akiwa nayo huyu hana yule"

Leseni hukatwa vipande: kwa lugha, kwa nchi, kwa umri wa msomaji, kwa umbo la kitabu. Mwaka 2017, Marvel wakiwa na Star Wars, IDW walikuwa wakichapa Star Wars za watoto. Mwaka 2022 Dark Horse, walewale waliotoka 2014, walirudi na kipande chao. Tangazo likisema "leseni imehama", uliza kipande kipi.

"Ninunue za zamani haraka, bei itapaa"

Mchapishaji anayetoka kwa kawaida hupewa muda wa kumaliza akiba, na hapo hushusha bei ili amalize. Kwa juzuu ambazo hazitachapwa tena kwa miaka, kweli bei huweza kupanda baadaye. Lakini mpangaji mpya akiruhusiwa kuchapa upya, juzuu lako adimu linakuwa na ndugu mapacha dukani, wenye karatasi nzuri zaidi. Aliyeshikilia juzuu za Star Wars za Dark Horse akingoja utajiri alingoja mpaka Marvel walipoleta zao. Nunua unachotaka kusoma. Ukitaka uwekezaji, mimi si mtu wa kuulizwa.

Za dijitali ni jambo jingine. Dark Horse waliacha kuuza Star Wars za dijitali mwisho wa 2014. Kitabu cha karatasi kilichokwisha kuuzwa hakuna wa kukufuata nacho, na duka lililokinunua kihalali linaweza kuendelea kukiuza. Cha dijitali mara nyingi ulilipia ruhusa ya kusoma, na ruhusa hiyo inategemea muuzaji aendelee kuwepo na masharti yake yaendelee kukufaa. Kama jukwaa linakuruhusu kupakua faili, pakua leo.

"Mhusika niliyembuni mimi naondoka naye"

Hii huniuma, kwa sababu wanaoniuliza ni wachoraji vijana na mara nyingi wameshasaini. Katika kazi ya leseni, karibu kila mkataba unasema ulichobuni ukiwa ndani ni cha mwenye haki: adui mpya, mbwa wa shujaa, hata mpita njia mwenye jina. Kurasa halisi ulizochora kwa mkono unaweza kurudishiwa na ukaziuza. Mhusika aliyemo humo habanduki na karatasi. Leseni ikihamia kwa mchapishaji mwingine, atachorwa na mtu usiyemjua, na kama mkataba hautaji malipo ya matumizi ya baadaye hutapata kitu.

Wakubwa wanalijua hili vizuri. Mwaka 1985 Marvel walikuwa na mhusika aitwaye Circuit Breaker, aliyetungwa kwa ajili ya Transformers. Angeanzia humo, angekuwa wa Hasbro. Basi wakampitisha kwanza, kwa muda mfupi tu, kwenye toleo la tatu la Secret Wars II, kitabu chao wenyewe. Mwezi uliofuata ndipo akaingia Transformers, akiwa tayari ni mali ya Marvel.