Kabla ya bei, uliza uamuzi unakaa wapi

Kazi yangu ni kusimamia ununuzi wa mashine na vipuri kutoka nje kwa niaba ya viwanda vya kati vya hapa Tanzania: mashine za kufungashia unga, pampu, mota, mikanda, beringi. Siku nzima nipo katikati ya Wachina, Wajapani, Wajerumani na Waomani kwa upande mmoja, na mteja wangu wa Dar es Salaam au Morogoro kwa upande mwingine, naye ana desturi zake. Wanaokuja kuniomba ushauri huanza na mambo ya adabu. Kadi ya biashara ipokewe kwa mikono miwili? Zawadi ipelekwe? Tai ni lazima? Hayo yana nafasi yake, na mtu makini huyajua kwa siku moja. Kinachoamua kama mzigo utafika kama ulivyoagizwa ni swali jingine: ndani ya kampuni ile, uamuzi unafanyikia wapi, na nani mwenye nao?

Nimeliona likiokoa fedha nyingi za watu, kwa hiyo nalieleza kwa urefu.

Nianze na Wajerumani, kwa sababu wao huliandika jibu waziwazi na watu hawalioni. Chukua barua ya kampuni ya Kijerumani, shuka hadi chini kwenye saini. Mara nyingi saini ni mbili, na mbele ya jina pana herufi ndogo. Ukiona ppa., huyo amepewa mamlaka mapana ya kuifunga kampuni kisheria, na jina lake limeandikishwa kwenye daftari la biashara linalotunzwa na mahakama. Ukiona i.V., ana mamlaka ya eneo fulani la kazi. Ukiona i.A., anaandika kwa kuagizwa na mwingine. Kijana mchangamfu wa mauzo anayesaini i.A. anaweza kukuahidi mafundi watakuja kufunga mashine bila malipo, na anaweza kuwa anamaanisha kwa moyo mweupe, lakini ahadi hiyo haijawa ya kampuni mpaka mwenye mamlaka aiweke kwenye mkataba. Mwombe airudishe ikiwa na saini hizo. Hataudhika. Kwake huo ni utaratibu wa kawaida.

Jambo la pili kwao ni kwamba uzito wa uamuzi uko kwa wahandisi. Mteja anaulizia bei ya mashine ya kufungasha sembe, anajibiwa kwa fomu ndefu: unga una unyevu kiasi gani, lita moja ina gramu ngapi, mifuko ni ya kilo 1, 2 au 5, plastiki ina unene gani, umeme unapanda na kushuka kiasi gani, chumba kina joto kiasi gani mchana. Nimesikia wamiliki wa viwanda wakilalamika, "Hawa hawataki kuuza." Wanataka sana. Fomu ile ndiyo kikao chenyewe. Ijaze yote kwa vipimo vya kweli, na bei itakayokuja itakuwa bei ya kusimamia. Ukijaza nusu na kuanza kuvutana kuhusu punguzo, utakuwa unaongea na mtu ambaye kwa desturi ya ofisini kwake hana cha kukupa.

Japani mambo yako kinyume, na hapa Watanzania tuna faida ambayo wengi hawaijui. Katika kampuni nyingi za Kijapani pendekezo huandikwa na mtu wa ngazi ya chini au ya kati, kisha karatasi hupita idara kwa idara, na kila mkuu akiridhika anagonga muhuri wake mdogo mwekundu, hanko. Utaratibu huo wanauita ringi. Mwaka 2020 waziri Taro Kono alizitaka ofisi za serikali ziachane na mihuri hiyo, na kampuni nyingi sasa zinaidhinisha kwa kompyuta, lakini njia ya karatasi imebaki ileile. Aliyewahi kufanya kazi serikalini kwetu atatabasamu. Hilo ni faili! Ofisa anaandika dokezo, linapanda kwa mkuu wa kitengo, kwa mkurugenzi, kwa katibu mkuu, kila mmoja anaongeza neno lake, halafu faili linashuka. Mzungu aliyezoea kumpigia bosi simu na kumaliza humchosha Mjapani haraka. Mtu wetu aliyezoea kufuatilia faili kwa upole, bila kumruka aliyeliandika, anaelewa mchezo tangu siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba kwetu faili kwa kawaida husubiri neno la mkubwa, na kwao mkubwa mara nyingi huweka muhuri juu ya kile ambacho wa chini wamekwisha kukubaliana.

Kwa hiyo usipeleke jambo jipya kwenye kikao na Wajapani. Kikaoni watu wanathibitisha yaliyokwisha kuzungumzwa pembeni, na pendekezo la ghafla linawatia aibu wote mezani. Mtumie yule ofisa mdogo kila kitu mapema, kwa sababu yeye ndiye atakayekutetea kwenye idara ambazo wewe hutaziona. Tulipohitaji beringi ya pampu ya zamani, nilimwambia fundi apige picha tatu: namba iliyochongwa kwenye ukingo, sehemu iliyolika ikiwa na rula pembeni, na bamba la pampu lenye mwaka wa kutengenezwa. Kukawa kimya. Mteja alishaanza kutafuta pengine. Jibu lilipokuja lilikuwa na mchoro, bei, tarehe ya kusafirisha, na onyo kwamba sili inayokaa nyuma ya beringi ile nayo itakuwa imechoka, ibadilishwe kwa pamoja. Watu wa idara kadhaa walikuwa wamekaa na picha zetu. Ukishapata jibu kama hilo usibadilishe idadi kwa mdomo. Karatasi itabidi ianze upya kule ilikotoka.

Kuhusu muda, kuna urahisi mzuri: Tokyo iko mbele yetu kwa saa 6, kwa hiyo saa yao ya ukutani ikisoma 3 alasiri, kwetu ni saa tatu asubuhi. Huo ndio muda wangu wa kupiga simu.

China ndiko fedha za Kariakoo zinakoenda, na ndiko hasara nyingi zinakotokea kwa sababu uamuzi unaonekana uko karibu kuliko ulivyo. Muuzaji yuko kwenye WeChat hadi usiku wa manane kwake, anajibu kwa sekunde, anakuita rafiki, anakubali kila kitu. Lakini katika viwanda vingi vya binafsi neno la mwisho ni la mwenye kiwanda, na huyo hajasoma ujumbe wenu hata mmoja. Kampuni ya Kichina hufungwa na muhuri wake rasmi, ule wa duara wenye wino mwekundu na nyota katikati, ambao huandikishwa polisi. Saini ya muuzaji peke yake ni kitu dhaifu. Naangalia mambo matatu: jina la Kichina kwenye muhuri, jina kwenye leseni ya biashara, na jina la mwenye akaunti ya benki. Yakitofautiana, hatulipi. Mfanyabiashara mmoja aliyenijia baadaye alikuwa ametuma asilimia 30 ya awali kwenye akaunti ya mtu binafsi kwa sababu aliahidiwa punguzo. Kiwanda kilipoulizwa kilisema hakina agizo lake, na kilikuwa kinasema kweli.

Uzuri wa mfumo huo ni kasi. Ukimfikia mwenye kiwanda mwenyewe, iwe kwenye maonesho ya Guangzhou ambayo yamekuwepo tangu 1957 au mezani kwenye chakula cha jioni, jambo lililokwama kwa wiki linaweza kuisha kabla samaki hajafika. Ila bei ikishuka haraka, uliza ni nini kimeshuka pamoja nayo. Kwenye mashine za chakula mara nyingi ni chuma. Wanatoka kwenye chuma cha pua daraja la 304 wanakwenda 201, kinachong'aa vilevile siku ya kwanza na kushika kutu mapema. Andika 304 kwenye mkataba, chini yake muhuri mwekundu, na mkaguzi aende na dawa ya matone ya kupimia kabla hujalipa ile asilimia 70.

Oman nitaisema kwa kifupi, kwa kuwa wengi wetu tuna ndugu huko na Muscat unaweza kufanya biashara nzima kwa Kiswahili. Bei huandaliwa na meneja, mara nyingi Mhindi, naye ni wa kuheshimiwa kwa hesabu zake. Suala la kukuaminia mzigo ni la mwenye mali na familia yake, na hilo huamuliwa ukiwa umekaa, kahawa na halua zikizunguka. Ukitosheka tikisa kikombe. Usiharakishe kufungua mkoba. Na usipige simu Ijumaa: mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi, wakati Dubai tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa nusu siku.

Upande wetu nao una lake, na wageni huniuliza mara kwa mara. Kwenye kikao cha kiwanda cha Kitanzania fundi anayeijua mashine kwa mikono yake hukaa kimya kwa sababu mzee yupo. Mjerumani anahesabu ukimya ule kuwa ni makubaliano, halafu mashine inakuja na kimo kisichopita mlangoni. Siku hizi napanga simu ya pembeni kati ya fundi mkuu na mhandisi wao, kwa idhini ya mkurugenzi, kabla ya kikao kikubwa. Fundi huongea kama mvua.

Wapo wataalamu wanaozipa nchi alama za tabia. Maarufu zaidi ni za Mholanzi Geert Hofstede, zilizotokana na madodoso ya wafanyakazi wa IBM kati ya 1967 na 1973. Humo Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilipewa alama moja kama nchi moja. Aliyewahi kufanya biashara Addis Ababa na Dar es Salaam katika mwezi mmoja anajua hilo halisimami. Mimi uraia wa mtu unanipa swali la kwanza tu la kuuliza. Kiwanda cha familia na kampuni kubwa ya hisa vya nchi hiyohiyo vinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi.

Kwa hiyo barua yangu ya kwanza kwa muuzaji yeyote huanza na sisi: nani kwa mteja ataidhinisha vipimo, nani ataidhinisha fedha, bodi inakutana lini, na benki huchukua siku ngapi kutuma dola. Kisha naomba watueleze hayohayo kwa upande wao, pamoja na tarehe ambazo kiwanda kitafungwa: mwaka mpya wa Kichina na wiki ya kwanza ya Oktoba, mwisho wa Aprili na katikati ya Agosti kwa Wajapani, Krismasi hadi mwaka mpya kwa Wajerumani. Majibu yakishafika ndipo namruhusu mteja ataje bei.